Kustaafu na Kukua: Kwa Nini Muda Pekee Hautoshi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, nanyi mliobakiza miaka miwili mitatu kazini, asanteni kwa kuja. Sitaanza na habari za watu kuishi miaka mingi siku hizi, mmeshazisikia. Wala sitawaambia kwamba kustaafu si mwisho wa maisha, maana sidhani kuna aliyefika hapa akiamini kuwa ni mwisho. Kilichonileta ni jambo moja ambalo nimelisema katika kumbi nyingi na nitaendelea kulisema: mtu hakui kwa sababu amepata muda. Hukua kwa sababu kuna kitu kinachomdai. Kazi ilikudai kila asubuhi, upende usipende. Siku unapokabidhi funguo za ofisi, deni hilo linafutwa. Usipojiwekea jingine kwa hiari yako, saa zilizobaki wazi hazitakufundisha chochote.

Najua wengi hapa mna orodha. "Nikistaafu nitasoma." "Nikistaafu nitajifunza kinanda." Orodha hizo nimeziona nyingi, na nyingi hubaki orodha. Wenyewe hudhani tatizo ni uvivu. Uvivu haumo. Kwa hiyo naomba tusafiri kidogo hadi Marienthal, kijiji cha kiwanda karibu na Vienna, nchini Austria. Nitakaa hapo kwa muda, nivumilieni, kwa sababu anayekielewa kijiji hicho ameelewa nusu ya ninachotaka kusema.

Kiwanda cha nguo cha Marienthal ndicho kilicholisha karibu kijiji kizima. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 kiliyumba, kisha kikafungwa. Watafiti wakaenda kuwaangalia watu wale wanaishije bila kazi. Walioandika matokeo ni Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, na kitabu kilitoka mwaka 1933. Kijiji kilikuwa na maktaba ya wafanyakazi. Zamani mtu alilipa ada kidogo ili kuazima kitabu. Ada hiyo ikaondolewa. Fikirini hali ilivyokuwa: wanaume wanaojua kusoma, vitabu vya bure, siku nzima iko wazi, hakuna king'ora cha kiwanda wala msimamizi. Kwa hesabu ya orodha zetu, maktaba ingefurika. Kilichotokea ni kwamba uazimaji ulishuka kwa karibu nusu ndani ya miaka miwili.

Watafiti walikaa wakitazama barabara kuu ya kijiji na kupima mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole, wakasimama, wakaanza tena, wakasimama. Wengi hawakuvaa saa tena. Walipopewa karatasi waandike walichofanya saa kwa saa, hawakuweza kukumbuka. Asubuhi iliyeyuka hadi mchana, na kati yake hapakuwa na cha kutaja. Siku yenye saa nyingi wazi kuliko zote maishani mwao ndiyo iliyowapotea bila kuacha alama.

Hapa kila mara mtu ananikatiza: "Mwalimu, hao walikuwa na njaa na wasiwasi. Sisi tutakuwa na pensheni." Ni kweli walikuwa na njaa, na umaskini unavunja moyo, silipuuzi hilo. Lakini watazameni wanawake wa kijiji kilekile. Nao walipoteza mshahara uleule, nao walikuwa na njaa ileile. Walitembea haraka kuliko wanaume, na walisimama mara chache njiani. Siku zao zilikumbukika, kwa sababu kulikuwa na watoto wa kuvisha, nguo za kufua, chakula cha kugawa ili kitoshe hadi kesho. Kazi za nyumbani ziliendelea kuwadai. Sisemi kwamba mzigo ule ulikuwa wa haki, maana haukuwa. Nasema tofauti kati ya mke na mume katika nyumba moja haikutokana na fedha, kwa kuwa fedha zao zilikuwa zilezile.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humpa mtu mambo matano: mgawanyo wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo linalomzidi yeye binafsi, nafasi inayotambulika katika jamii, na shughuli isiyoahirishika. Pensheni inachukua nafasi ya mshahara tu. Kiinua mgongo hakimo katika matano hayo. Haya mengine hakuna mfuko wa hifadhi utakaokulipa. Lazima uyajenge mwenyewe, na uyajenge kabla ya siku ya kuagwa.

"Lakini tumefanya kazi miaka 35, tuacheni tupumzike!" Pumzikeni. Nasema hivi bila kinyongo: mapumziko ni haki yenu. Ila yawekeeni tarehe ya mwisho. Wiki nane hadi kumi na mbili ni nzuri: lala, safiri, tembelea ndugu, tibu magoti. Andika kwenye kalenda siku yanapoisha, na mweleze mtu siku hiyo. Mapumziko yasiyo na tarehe ya mwisho yanageuka mazoea bila mwenyewe kujua, na mazoea ya mwaka mzima kuyang'oa ni kazi kubwa kuliko kujifunza lugha mpya.

Na mtu asiniambie kwamba umri wenyewe ndio umeshaamua. Umri wa kustaafu huwekwa na sheria. Ujerumani ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzeeni mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Bongo za Wajerumani hazikubadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni sheria.

Basi ujifunze nini? Nina msimamo hapa, na wengine hawaupendi. Chagua jambo moja gumu. Si matatu, na wala si jepesi. Mwaka 2014 Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas walichapisha utafiti juu ya watu 221 wenye umri wa miaka 60 hadi 90. Baadhi walifundishwa upigaji picha wa dijitali pamoja na kuzihariri kwenye kompyuta, baadhi ushonaji wa mablanketi ya viraka, baadhi vyote viwili. Kundi jingine lilikutana kwa mazungumzo, michezo na matembezi, na jingine lilikaa nyumbani na shughuli nyepesi kama kusikiliza muziki na kujaza mafumbo ya maneno. Kila kundi lilitumia takribani saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Waliojifunza ustadi mpya ndio waliopata nafuu katika kumbukumbu ya matukio. Kukutana na kucheka pamoja, kwa uzuri wake wote, hakukuleta nafuu hiyo.

Naona nyuso za wapenzi wa mafumbo ya gazetini. Endeleeni nayo kama yanawafurahisha, lakini msiyahesabu kuwa ni kujifunza. Kuna jaribio kubwa la Marekani, liitwalo ACTIVE, lenye wazee 2,832, matokeo yake ya kwanza yakatoka mwaka 2002. Kundi moja lilifunzwa mbinu za kumbukumbu, jingine mbinu za kupambanua mantiki, jingine kasi ya kuona na kutambua. Kila kundi lilipanda katika kile lilichofunzwa, na si katika vile vingine. Kwa hiyo anayejaza mafumbo kila siku anakuwa hodari wa kujaza mafumbo. Akitaka kusoma Kiarabu, na asome Kiarabu.

Jambo unalolichagua lipitishe kwenye maswali matatu. La kwanza: je, litakuonyesha kosa lako siku hiyohiyo? Kinanda kinakuonyesha, lugha inakuonyesha ukiongea na anayeijua, useremala unakuonyesha pale mlango unapokataa kufunga. "Kusoma historia" kwa ujumla hakukuonyeshi kosa. Ukilipenda hilo, ligeuze liwe kuandika historia ya ukoo au ya shule uliyofundisha, ambapo tarehe zikigongana unaona. La pili: je, lina ngazi, kiasi cha kujua leo uko ya ngapi? La tatu, na hili ndilo watu huliruka: nani atakuwa anasubiri?

Hapo kwenye kusubiri ndipo deni linapozaliwa. Weka tarehe mwishoni mwa wiki ya 12 ya masomo, na mtu atakayekusubiri siku hiyo. Kama ni lugha, utaongea dakika 20 na mzungumzaji wa lugha hiyo bila kuhamia lugha yako. Kama ni kinanda, utapiga nyimbo mbili mbele ya watu. Kama ni picha, utamkabidhi mtu picha 20 ulizochagua kati ya zote ulizopiga, na uwe tayari kueleza kwa nini hizo. Anayesubiri asiwe mke wako wala mume wako. Anakupenda, ataahirisha. Tafuta mtu ambaye utaona haya kumwambia kwamba hujajiandaa.

Sasa ratiba, maana bila ratiba haya yote ni hotuba. Wiki ina saa 168. Toa 56 za usingizi, zinabaki 112. Kazi ya saa tisa kwa siku tano ilikula 45, na safari pamoja na matayarisho ya asubuhi zikala kama kumi. Kwa hiyo unapostaafu unarudishiwa saa 55 kila wiki. Sikudai zote. Nakudai kumi: siku tano, saa mbili kila siku. Ziwe asubuhi, kwa sababu watu wazima wengi, umri ukisogea, akili zao huwa macho zaidi mapema kuliko jioni, na pia kwa sababu mchana ndipo watu huanza kukutuma.

Saa mbili hizo zigawe hivi. Dakika 15 za kwanza, kitabu kikiwa kimefungwa, andika au piga unachokumbuka cha jana na cha wiki iliyopita. Hapo utaumia kidogo. Ndipo kumbukumbu inapojengwa. Dakika 45 za somo jipya. Dakika kumi simama, tembea, kunywa maji. Dakika 40 za mazoezi. Dakika kumi za mwisho andika umefikia wapi na kesho unaanzia wapi, kwa sentensi moja kamili, si "nitaendelea". Mtu akijua asubuhi anaanzia sentensi ipi au mstari upi, anakaa. Asipojua, anakwenda kuangalia simu.

Kinachojifunzwa kirudiwe kwa kuachanisha siku. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi usahaulifu unavyokimbia mwanzoni kisha unapungua kasi. Kwa hiyo maneno manane mapya ya leo yarudie kesho, kisha siku ya tatu, ya saba, na ya 21. Manane yanatosha. Mtu akianza na 30 kwa siku, kufikia wiki ya pili ana marudio mengi kuliko dakika alizonazo, na anaacha akiamini kuwa kichwa chake kimechakaa, kumbe kilichokosewa ni hesabu. Kwenye muziki, chukua sehemu isiyozidi sekunde 15. Mkono wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake, kisha pamoja kwa mwendo wa polepole, mara tano mfululizo bila kosa, ndipo uongeze kasi. Kupiga wimbo mzima kila siku ukijikwaa palepale ni kujifundisha kujikwaa.

Umri unabadilisha mambo kadhaa, na ni utovu wa heshima kuwaficha watu. Kasi ya kupokea taarifa inapungua; msamiati na maarifa ya jumla vinadumu vizuri hata baada ya miaka 60. Kwa hiyo usikubali mazoezi ya kushindana na saa, na usijipime kwa kasi ya kijana wa miaka 20. Jipime kwa usahihi. Jicho linahitaji mwanga zaidi: taa ya meza, upande wa mkono usioandikia, na maandishi makubwa. Masikio yapimwe kabla ya kujiandikisha darasa lolote la lugha. Wengi wanaosema "sauti za lugha hii haziniingii" hawasikii sauti nyembamba kama s na f. Na kutosikia vizuri kumeorodheshwa na kamati ya jarida la tiba la Lancet, katika ripoti za 2017, 2020 na 2024, miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mtu anavaa miwani bila aibu, kisha anakataa kifaa cha masikio. Tuache hilo. Linawaumiza watu bure.

Kati ya wiki ya nne na ya saba utakwama. Nakuambia mapema ili usije ukashangaa. Mwanzoni kila siku ilikuwa na kipya. Sasa unarudia, na maendeleo hayaonekani kwa siku, yanaonekana kwa mwezi. Hapo watu hufanya makosa mawili. Wengine hubadilisha somo, na wakishabadilisha mara tatu wanakuwa wameonja vitatu bila kufika popote. Wengine hununua vifaa: kamera kubwa zaidi, kinanda kipya, programu ya kulipia. Dawa ni kupunguza kipande bila kupunguza siku. Kama saa mbili zimekushinda wiki hiyo, fanya dakika 30, lakini siku zote tano. Na jirekodi sauti au uhifadhi kazi ya wiki ya kwanza, ukaisikilize wiki ya saba. Hapo utaona umepanda kiasi gani.

Kuna kikwazo kingine ambacho kinawaangusha hasa waliokuwa wakubwa. Aliyeongoza idara miaka 15 anaingia darasani, na ndani ya mwezi amekuwa mwenyekiti wa wanafunzi, ameandika katiba, amefungua akaunti. Somo lenyewe hajafungua. Kuongoza tayari anajua; anakimbilia kule asikoumia. Ndugu zangu, kubali kuwa wa mwisho darasani. Kataa cheo chochote kwa mwaka wa kwanza. Mnamkumbuka Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akitajwa kuwa na miaka 84, amevaa sare, amekaa na watoto wadogo. Alitaka aweze kuisoma Biblia mwenyewe. Lengo lake lilikuwa dogo na bayana, na hakuona haya kwa sababu lengo lilikuwa kubwa machoni pake kuliko macho ya watu.

Mtu atauliza: darasa lenyewe liko wapi? Kuna njia mbili zilizojaribiwa. Mwaka 1973 Pierre Vellas alianzisha huko Toulouse, Ufaransa, chuo cha umri wa tatu, yaani miaka ya baada ya kustaafu, ndani ya chuo kikuu, wahadhiri wakiwafundisha wastaafu. Waingereza, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwamo Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter, walichukua wazo hilo wakaligeuza: wanachama wenyewe wanafundishana, hakuna mtihani, hakuna cheti. Hii ya pili inaweza kuanzishwa na watu sita na chumba kimoja. Kila mmoja aandike kitu kimoja anachoweza kufundisha na kimoja anachotaka kujifunza. Mkutane wiki hadi wiki, siku ileile, saa ileile. Idadi ikizidi kumi na mbili gawanyikeni, la sivyo watatu wataongea na wengine watasikiliza. Aliyekuwa mhasibu afundishe hesabu za nyumbani, na wiki hiyohiyo akae chini afundishwe ushonaji na aliyekuwa fundi. Ukitoka hapo umepata manne kati ya yale matano ya Jahoda.

Naona mwenyekiti anatazama saa, nami nimebakiza mengi. Niyapitie haraka.

Mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku mbili, na mazoezi ya kuulinda mwili usianguke angalau siku tatu. Watu wanatembea, wanasahau hayo mawili ya mwisho. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta na kuinuka kitini bila kutumia mikono ni mwanzo mzuri. Mwenye moyo au mifupa yenye matatizo aanze kwa daktari wake.

Fedha. Usiingize kiinua mgongo mwaka wa kwanza katika biashara usiyowahi kuifanya. Jifunze biashara hiyo kwanza kwa miezi 12, kwa utaratibu huuhuu, ukiwa msaidizi wa anayeifanya.

Nyumba. Mwenzako alikuwa na siku yake kabla hujarudi. Kaeni mwandike saa zako za masomo, saa zake, na saa zenu. Na wajukuu: wape saa zinazojulikana. Usipozitaja, utakuwa mlezi wa kila siku kwa kimya chako, na saa kumi zako zitakuwa za kwanza kuliwa.

Kuhusu kujitolea nilikuwa na mengi, nayaacha leo. Ila swali moja hurudi kila mhadhara, nalijibu kabisa: nikiugua katikati, je? Utaugua, au utauguza. Usifunge daftari kwa maneno "nimeacha". Andika tarehe na neno "nimesimama", na ile sentensi ya pa kuanzia. Ukirudi, wiki mbili za kwanza usiguse somo jipya. Rudia ya nyuma tu, nusu ya muda wa kawaida, ukianzia sura mbili kabla ya ulipoishia. Utashangaa kuona kilichopotea kinarudi kwa muda mfupi kuliko ulivyokijifunza mara ya kwanza. Hilo nalo Ebbinghaus alilipima. Kisha mpigie yule anayekusubiri, mpangie tarehe mpya.